Kibuyu cha Wakwe na Mchicha wa Digidigi

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa bado wakijenga nyumba, wakifuga na kuozeshana watoto, Kifaru alikuwa na ng'ombe mmoja wa maziwa, jina lake Bi Madoa. Chini kidogo ya zizi lake alikaa Digidigi, mwembamba kama ufito, na bustani yake ya mchicha mwembamba kumshinda mwenyewe.

Siku moja Digidigi alimkuta Kifaru ameshika tama.

"Mjomba, kulikoni?"

"Tembo wanakuja kumposa binti yangu, mpwa wangu. Mila unaijua: wakwe huja na kibuyu, baba wa binti hukijaza maziwa kwa mkamuo mmoja. Kisipojaa, hakuna posa. Sasa fikiria kibuyu cha Tembo."

Digidigi akafikiria. Akaangalia zizi, akaangalia mteremko, akaangalia mchicha wake. Pua ikaanza kumcheza.

"Ng'ombe unamlisha nini?"

"Nyasi, pumba za mahindi, na mashudu kidogo, yale makapi ya alizeti iliyokamuliwa mafuta."

"Pumba?" Digidigi akajishika kichwa. "Bwana mwenye pembe kama hiyo, ng'ombe wake anakula pumba? Wakwe wakisikia je? Pumba ni za kuku, Mjomba. Mpe mashudu. Asubuhi mashudu, jioni mashudu. Chakula kizito, maziwa mengi."

Kifaru alijaaliwa nguvu nyingi, hata mambo mengine yakakosa pa kukaa. Akaona ni kweli.

"Na zizi likilowa usihangaike," Digidigi akaongeza. "Nitakuchimbia mfereji wa kutolea mkojo. Bure. Udugu ni kufaana, au sivyo?"

Akachimba, chaka-chaka-chaka. Mfereji ukatoka zizini, ukalizunguka jiwe, ukashuka mteremko, na kwa bahati tu, wanangu, ukaishia katikati ya mchicha wake.

Bi Madoa akaanza kula mashudu. Alikula mashudu, akakojoa shwaaa, akala tena, akakojoa tena. Zizi likanuka hadi nzi wakapiga chafya. Huko chini Digidigi alikuwa akiuchanganya ule mkojo na maji, akimwagilia huku anaimba. Mchicha ukanenepa, ukawa mrefu kuliko yeye.

"Mpwa wangu, mbona maziwa yanapungua?" Kifaru akauliza, machozi ya harufu yakimtiririka.

"Yanajikusanya, Mjomba. Ongeza mashudu."

"Na harufu hii?"

"Hiyo ndiyo nguvu yenyewe. Umewahi kuona kitu dhaifu kikanuka hivyo?"

Wakwe wakafika. Kifaru akakamua, chirr, chirr, chirr, mpaka chuchu zikakauka. Kibuyu kikafika nusu. Binti yake, aliyekuwa akichungulia mlangoni, akainamisha kichwa.

Mzee Tembo alikuwa muungwana. Akavuta sahani ya ugali na mchicha ambao Kifaru aliuomba kwa jirani yake.

"Mchicha mtamu huu. Nani kaulima?"

Hapo mtu mwenye akili angenyamaza. Lakini Digidigi, aliyekuja kula na wageni, alikuwa na akili nyingi, na akili nyingi hainyamazi.

"Mimi, mzee. Siri yake mkojo wa ng'ombe. Hakuna mbolea inayoushinda."

"Ng'ombe huyu huyu aliyeshindwa kujaza kibuyu?" Mzee Tembo akamgeukia Bi Madoa. "Mama, una nini wewe?"

"Nimeulizwa?" akasema Bi Madoa, maana ng'ombe aliyelelewa vizuri hasemi asipoulizwa.

"Umeulizwa, mama."

"Tumboni mwangu mna mafundi wadogo wadogo wa kujenga maziwa. Mashudu ni tofali zao, pumba ndiyo ugali wao. Nimeletewa tofali rundo kwa rundo, na mafundi wana njaa. Zinazobaki nifanye nini? Nazikojoa. Njia ya mkojo nayo, mashallah, imechimbwa vizuri."

Macho yote yakaufuata mfereji: kutoka zizini, kulizunguka jiwe, hadi kwenye mchicha. Kifaru akainamisha pembe. Tifu! Digidigi akaruka bustanini. Bahati yake, mchicha ulikuwa mrefu wa kumficha.

"Tutarudi na kibuyu hiki hiki mvua zikianza," akasema Mzee Tembo.

Kifaru akarudisha pumba, mashudu akayapima kwa kiganja. Harufu ikaisha. Wakwe waliporudi, kibuyu kilijaa hadi povu likamwagikia miguu ya bwana harusi, na binti akaposwa kwa vigelegele.

Bustanini, mchicha ukaanza kuwa wa njano. Digidigi akajipitisha zizini, akatikisa kichwa kwa huruma.

"Mjomba, ng'ombe wako namwona amekonda. Hahitaji mashudu kidogo huyu?"

"Ngoja kwanza," akasema Kifaru. "Nimuulize mwenyewe."

Asiyemuuliza mlaji, hulisha bustani ya jirani.