Mama Fuko na Wapiga Vishindo

Wewe Mashavu, unanicheka hata sijaanza? Eti fuko hasemi! Mimi niliishia darasa la nne, tena hilo la nne nililirudia, lakini hili nalijua. Haya, nasema paukwa! Itikieni pakawa kwa nguvu, mimi kiziwi.

Hapo zamani za kale Tembo, Kifaru na Nyati kila mmoja alikuwa na nchi yake. Kila mmoja alijigamba kwamba siku ya vita atapiga mguu chini mara moja, maadui wote wafe. Sasa, mguu usiojaribiwa utaujuaje? Wakawa wanaujaribu.

Chini ya ardhi aliishi Mama Fuko na wanawe watatu. Tembo akapiga: tii! Udongo ukamfukia mtoto mmoja.

Mama Fuko akawaita wakubwa wale. "Acheni majaribio, mnaniulia watoto!"

"Kwani kuna vita?" akasema Tembo. "Tunajaribu tu, mama."

"Nyati akiacha, nami naacha," akasema Kifaru.

"Aanze Tembo, mwenye mguu kama kinu!" akasema Nyati.

Wakarudi makwao. Tii! Mtoto wa pili akafukiwa.

Mama Fuko akawaita tena. Safari hii wakaona haya, wakala kiapo mbele ya wanyama wa nchi zote: hapigi mtu. Jua halijazama, tii!

"Nimepiga chafya," akasema Kifaru.

Mtoto amebaki mmoja. Mama Fuko hakuita mkutano tena. Akamwendea Tembo. "Shemeji, Kifaru anajaribu kwa siri. Laza sikio chini utamsikia. Ila ukitikisa hata ukucha, hutasikia kitu."

Akamwendea Kifaru, akamwambia hivyo hivyo juu ya Nyati. Akamwendea Nyati, akamwambia hivyo hivyo juu ya Tembo.

Wote watatu wakalala, sikio chini, pumzi wamebana. Kimya.

"Leo kaniponyoka," akasema kila mmoja. "Kesho namnasa."

Kesho wakalala tena. Mtoto wa Fuko akakua, akaoa. Tembo alililalia sikio lake hata likatandazika kama ungo. Akageukia upande wa pili, na la pili likawa vivyo hivyo.

Funzo lake: ukingoja mwenzako aache ubaya kwanza, watoto wa watu watakwisha. Na wasioaminiana wapewe kazi ya kusikilizana.

Msinitazame hivyo! Mimi na jirani yangu Bi Mwanaidi hatujagombana tangu nianze kutega sikio ukutani kwake. Nafasi ya kugombana naipata wapi?

Basi, hadithi nimeifunika kama chungu. Natoka, mlango naufunga. Nisengenyeni mpendavyo, nimesimama nyuma yake.