Ugonjwa wa Wakubwa

Hapo zamani za kale, wanangu, wanyama walipokuwa na nyumba, vyungu na majirani, ugonjwa wa kuhara uliingia kijiji cha Mkondoni. Karibu kila nyumba iliugua, na kila iliyougua ilificha. Aibu!

Mtoto wa Bi Swala alilegea, macho yakaingia ndani. Sange, yule mnyama mdogo mwenye pua ndefu, alimpenda kama wake. Akapita mlango hadi mlango kuuliza nani anaumwa.

"Hodi! Mjomba Kiboko, tumbo vipi?"

"Niharishe mimi? Toka!" Papo hapo tumbo lake likanguruma, ngurururu!

Mama Nyati naye akafunga mlango, pa!

Sange akawaza, kisha akaenda uwanjani akapaza sauti. "Jamani! Nimesikia kuhara huku ni ugonjwa wa wakubwa. Hauwapati wanyonge kama mimi!"

Lo! Kiboko akatoka mbio. "Naumwa tangu juzi!"

"Juzi tu?" Mama Nyati akafoka. "Mimi nilikutangulia, na wanangu wote!"

"Basi twendeni tukawaone wakubwa wetu," akasema Sange. "Kila mtu, mgonjwa na mzima, asimame pale anapochota maji."

Wakaenda wakisukumana. Wagonjwa wote wakajaa bwawani. Kwenye chemchemi ya mwambani wakasimama Tumbili, Pelele mdogo akaaye miambani, na watoto wao, wazima kabisa.

Bi Swala akatazama huku, akatazama kule. "Ni maji ya bwawa! Nami ndiyo ninayomnywesha mwanangu!" Akalia.

"Na nani anajisaidia humo bwawani?" Sange akauliza taratibu.

Kiboko akainamisha kichwa. "Mimi. Kwa hiyo... si ugonjwa wa wakubwa?"

"Hapana, mjomba. Nimekudanganya. Nisamehe."

Kiboko akamkazia macho. Halafu akacheka, ho ho ho! Mara akashika tumbo. "Oo! Nisubirini!" Akakimbilia kichakani, mbio!

Aliporudi alihamia bwawa la chini, wasikochota watu. Mama Nyati akachimba mfereji kwa pembe zake kuleta maji ya chemchemi. Pelele akayachemsha, Bi Swala akamnywesha mwanawe kidogo kidogo, Sange akimpepea.

Asubuhi moja mtoto akafumbua macho. "Mama, uji!"

Kijiji kizima kikapiga vigelegele.

Basi wanangu, tukiambiana ukweli kuhusu maradhi yetu, tutajua pa kuanzia kuyatibu.