Kijiji Kilichotwanga Vinu Vitupu

Paukwa!

— Pakawa!

Pakawa nini?

— Useme wewe!

Pakawa na vinu, pakawa na michi, pakawa na midomo iliyofumbwa.

Haya, sogeeni. Huyo aliyekaa karibu na mlango aurudishie. Kabla sijaanza, kila mtu ashike sikio lake la kushoto na aape: nitakayoyasikia hayatoki humu ndani. Mmeapa? Vizuri. Na mimi niliapa hivyo hivyo siku Chiriku aliponihadithia, tena niliyashika masikio yote mawili. Basi nawaambieni yote. Jina la kijiji tu ndilo ninalolimeza, maana jamaa zao bado wapo, na hasira zao ziko karibu.

Hapo zamani, zamani za kale, wanyama walipokuwa wakijenga nyumba na kusengenyana kama sisi, palikuwa na nungunungu mmoja, Mama Nungu. Alikuwa mjane. Mumewe alitoka siku moja kwenda kuchimba viazi mwitu, hakurudi. Wengine walisema ameliwa. Wengine walisema ameoa ng'ambo ya mto. Mimi simo. Alimwachia mtoto mmoja, Kimwiba, mdogo kama ngumi.

Mwaka huo mvua haikuja. Mwaka wa pili ilikuja, ikachungulia, ikaondoka.

Lakini Mfalme Nyati, aliyekaa juu ya kilima, alikuwa na ghala. Ndani yake mlikuwa na mtama ambao kila nyumba iliuchangia zamani za mavuno mazuri. Mfalme akasema, "Kila nyumba isiyo na kitu ipewe kibuyu kizima, kila mwezi ukiandama, hadi mvua irudi." Kulitunza ghala akamweka Ngedere, kwa kuwa Ngedere alijua kusema mbele za watu. Basi hiyo ndiyo sifa yake aliyokuwa nayo. Nyingine sikuisikia.

Sasa kijiji hicho kilikuwa na desturi yake. Mtu hatwangi peke yake. Kinu kimoja, michi miwili, jirani na jirani. Mmoja anapandisha, mwenziwe anashusha: tu-ku, tu-ku, tu-ku. Mama Nungu alitwanga na Mama Digidigi wa ng'ambo ya ua. Na hapo kinuni ndipo habari za mji mzima zilipopepetwa: nani kafukuzwa, nani kamrudia nani, nani anajipaka mafuta ya mkewe.

Mama Nungu ana miiba, nani atamkumbatia? Lakini pale kinuni hakuwa mpweke. Mchi ni mrefu. Unakuweka mbali kiasi cha kutochomana, na karibu kiasi cha kunong'ona.

Asubuhi moja Ngedere alimwendea Mfalme, akamkuta anakunywa uji.

"Mfalme wangu, tega sikio."

Kutoka bondeni: tu-ku, tu-ku, tu-ku.

"Unasikia? Wanatwanga. Anayetwanga anacho. Hawa wameshiba, wameanza kuwa wavivu. Kibuyu kizima cha nini?"

Mfalme akategea sikio. Akasikia. Akasema, "Kweli wanatwanga. Punguza."

Mwezi ukaandama. Ngedere akapuliza pembe langoni pa ghala.

"Serikali ya Mfalme imewahurumia sana! Imeona kibuyu kizima kinawalemaza. Kuanzia leo ni nusu kibuyu, mjifunze kujitegemea!"

"Kujitegemea na nini, mwanangu?" akauliza Mzee Kobe.

"Na nafsi yako, babu. Haya, anayefuata!"

Mama Nungu akabeba nusu kibuyu chake, akafika nyumbani, akakaa akikitazama. Akasema moyoni, "Nikimwita Mama Digidigi tutwange, atakaona haka kamtama. Ataniambia pole. Hiyo pole nitaiweka wapi?" Akakiburura kinu hadi nyuma ya nyumba, akatwanga peke yake. Tu. Tu. Tu. Mchi mmoja, jamani, una sauti ya ukiwa.

Mtama ukaisha kabla mwezi haujafika nusu. Saa ya kutwanga ikafika, ua wake uko kimya, na Mama Nungu akaona kimya kile kinamtangaza mji mzima. Akauchukua mchi. Akatwanga kinu kitupu. Huku akiimba kwa sauti ya chini:

Twanga, mchi, twanga,
Wasijue majirani;
Twanga, mchi, twanga,
Hamna kitu ndani.

Kimwiba akaja akasimama. "Mama, unatwanga nini?"

"Chakula cha kesho."

"Na kesho utatwanga nini?"

Mama Nungu akazidi kutwanga.

Halafu akatega sikio. Ng'ambo ya ua akasikia: tu, tu, tu. Mchi mmoja. "Ahaa," akasema, "mwenzangu anacho. Ndiyo maana haniiti."

Kesho yake wakakutana njiani, kila mtu na ndoo yake ya maji.

"Hujambo, shoga?"

"Sijambo, shoga. Jana tumekula mpaka tumesaza."

"Weee! Hata sisi! Kimwiba kakataa ugali, eti anataka wali."

"Watoto wa siku hizi wanadeka!"

"Wanadeka hasa!"

Wakacheka. Wakaachana. Kila mmoja akaenda kwake, akafunga mlango, akalala kifudifudi ili tumbo linyamaze.

Ngedere akamwendea Mfalme mara ya pili. Uji uko mkononi.

"Mfalme wangu, tega sikio."

Tu, tu, tu, kutoka kila ua. "Umewapunguzia, na bado wanatwanga! Tena sasa kila nyumba ina kinu chake. Utajiri huo!"

Mfalme akategea sikio. Akasikia. Akasema, "Kweli wanatwanga. Punguza tena."

Mwezi ukaandama, pembe ikalia. "Kuanzia leo ni konzi moja! Mkipewa zaidi mtasahau kulima!"

"Tulime mavumbi?" akauliza Mzee Kobe.

"Babu, wewe una maneno mengi kuliko meno. Anayefuata!"

Konzi moja, ukiipepeta, upepo nao unataka fungu lake. Mama Nungu akamkorogea Kimwiba uji mwepesi, ukiutazama unaona hadi chini ya bakuli. Yeye mwenyewe akanywa maji. Akafunga mlango wa mbele, asipitiwe na mtu akamkaribisha kwenye kisichokuwepo. Watu wakaacha kutembeleana. Ukipita njiani huoni moshi, huoni mkeka, husikii "karibu". Unasikia vinu tu. Na kadiri njaa ilivyozidi, ndivyo watu walivyotwanga kwa nguvu, kila mmoja asionekane kuwa yeye ndiye pekee asiye na kitu.

Twanga, mchi, twanga,
Wasijue majirani;
Twanga, mchi, twanga,
Hamna kitu ndani.

Miiba ya Kimwiba ikaanza kudondoka. Mama Nungu akawa anaiokota kila asubuhi kwenye kitanda cha mtoto, anaificha chini ya mkeka, kana kwamba kuificha ni kuirudisha.

Ngedere akamwendea Mfalme mara ya tatu. Safari hii hata hakumwambia ategee sikio. Bonde zima lilikuwa linavuma.

Mfalme akasema, "Kweli wanatwanga kuliko zamani. Funga."

Mwezi ukaandama. Watu wakaja na vibuyu vyao. Wakakuta lango lina komeo, na Ngedere kakaa juu ya ukuta, mkia unaning'inia.

"Mmefuzu!" akasema. "Hamhitaji tena msaada. Mfalme anawapongeza."

Hakuna aliyelia. Angelia nani, mbele ya wenzake walioshiba? Kila mtu akacheka kidogo, akasema, "Alaa, ni sawa tu, mimi nilikuja kusalimia," akarudi kwake na kibuyu kitupu.

Jioni ile Kimwiba hakuweza kuinuka. Hakulia. Hakuomba. Mtoto akiacha kuomba, hapo ndipo mama anaogopa.

Mama Nungu akatoka akaenda hadi kwenye ua wa Mama Digidigi. Akarudi. Akaenda tena. Akarudi. Mara ya tatu akasema, "Na anicheke," akapenya.

"Hodi! Hodi, mwenyewe!"

Hakujibiwa, maana mchi ulikuwa unalia. Akazunguka nyuma ya nyumba. Mama Digidigi kasimama kinuni, kafumba macho, mbavu zinahesabika, anatwanga. Machozi yanatiririka yanaingia kinuni, na kinuni hamna kingine ila hayo machozi. Naye anaimba:

Twanga, mchi, twanga,
Mama Nungu asikie;
Twanga, mchi, twanga,
Njaa yetu isimfikie.

"We mwanamke!" akasema Mama Nungu.

Mchi ukaanguka. Mama Digidigi akakifunika kinu kwa mikono, kama aliyekutwa uchi. "Nilikuwa... nilikuwa nakisafisha."

"Tangu lini unakisafisha?"

"Tangu nusu kibuyu."

"Na mimi nakisafisha tangu siku hiyo hiyo."

Wakatazamana. Wakacheka. Kicheko kikageuka kilio, na kilio kikageuka matusi, wakamtukana Ngedere matusi ambayo Chiriku alinitajia yote, lakini humu mna watoto. Halafu Mama Digidigi akakung'uta ungo, akapata pumba kidogo zilizonasa kwenye ukingo. Wakampikia Kimwiba uji wa pumba. Akanywa. Akafumbua macho.

"Shoga," akasema Mama Nungu, "kama wewe na mimi ni wamoja, hao wengine je?"

Wakatoka. Kwa Sungura, kinu kitupu. Kwa Kanga, kinu kitupu. Walipofika kwa Mzee Kobe wakasikia to, to, to. Wakachungulia. Mzee hata kinu hana, alikwisha kukifanya kuni. Kashika jiwe, anagonga gamba lake mwenyewe.

"Msinicheke, wanangu," akasema. "Mgongo unaniuma."

Wakakusanyika hapo kwake. Mama Nungu akasema, "Mfalme yuko kilimani, hatuoni. Anatusikia tu. Na tunachomsikilizisha ni uongo. Kesho mtu asiguse mchi."

"Na aibu je?" akauliza Sungura.

"Aibu yote nimeimaliza mimi leo. Yako haikubaki."

Kukacha. Mfalme Nyati akaletewa uji, akakaa kibarazani, akangoja sauti yake ya kila siku. Kimya. Akanywa funda moja. Kimya. Jogoo hawiki, mtoto halii, mchi hausikiki. Uji ukamshinda kumeza.

"Mbona bonde limenyamaza? Watu wangu wamekufa?"

Akashuka kilima. Miaka yote hiyo hakuwahi kushuka. Akawakuta wamesimama njiani, kijiji kizima, na vinu vyao, hawana la kuficha. Mbele kasimama Mama Nungu, kambeba Kimwiba kwenye kapu.

"Mbona leo hamtwangi?" akauliza Mfalme.

"Tutwange nini, Mfalme?"

"Lakini kila siku nawasikia!"

"Ulisikia vinu. Matumbo hukuyasikia."

Mama Nungu akakiinamisha kinu chake mbele ya Mfalme. Akadondoka buibui. Mama Digidigi akakiinamisha chake. Hata buibui hakudondoka. Sungura naye, Kanga naye. Mzee Kobe akageuka akaonyesha mgongo. Mfalme akakitazama hiki, akakitazama kile, pembe zake zikawa zinainama, zinainama.

Na katika kimya hicho, sikilizeni, katika kimya hicho ikasikika:

Tu! Tu! Tu!

Mchi mzito. Kinu kilichojaa.

"Nani huyo?" akanong'ona Mfalme.

Sauti ilitoka nyuma ya ghala. Siku zote Ngedere alitwanga wakati wenzake wanatwanga, kelele zao zikamfunika. Asubuhi hiyo alichelewa kuanza, na sasa alikuwa mkono juu, mkono chini, hakusikia kwamba yuko peke yake.

Wakaenda kijiji kizima, kwa kunyata, Mfalme mbele. Wakazunguka ghala.

Ngedere kasimama juu ya kigoda. Kinu kimefurika mtama. Magunia yamepangwa kushoto, yamepangwa kulia. Unga umemjaa kichwani, kwenye nyusi, mpaka kwenye mkia. Na mashavu yake, jamani, yametuna kama vibuyu viwili vizima.

Akageuka. Akawaona wote. Mchi uko hewani.

Mfalme akachota unga kwanza, kwa mkono wake mwenyewe, akamtilia Mama Nungu kwenye kapu. "Mpe mtoto." Ndipo akamkabili Ngedere.

"Una nini mashavuni?"

"Mm-mm," akasema Ngedere, anatikisa kichwa.

"Nakuuliza, una nini mashavuni?"

"Mm-mm-mm!"

"Mara ya mwisho. Jibu, wewe unayejua kusema mbele za watu."

Ngedere akataka kujibu. Akafungua mdomo. Mtama ukamwagika pwaa! ukamtoka mdomoni, ukamtoka puani, ukamwagikia miguu ya Mfalme, mbele ya wale wale aliowafunza kujitegemea. Na mpaka leo ngedere ana mifuko mashavuni. Mtazameni akiiba shambani.

Basi funzo ni hili, nanyi mlioapa mkalitangaze. Ukiificha njaa yako kwa aibu, unamfunika mwizi wako, na jirani yako naye unamwacha alie peke yake. Na wewe mkubwa ugawaye chakula cha watu, usipime shibe yao ukiwa kilimani. Shuka, ufunue chungu.

Ngano nimeitwanga, ngano nimeipepeta. Unga wake ni wenu. Pumba niachieni mimi.

— Tumeupokea!