Arobaini ya Mama Dubu

Paukwa!

Pakawa.

Pakawa wapi?

Tuambie wewe.

Basi pakawa mbali, kaskazini kabisa, mahali ambapo ukiingia kwenye jokofu la muuza samaki unaona umekaa jikoni. Msiniulize nilifikaje. Palikuwa na theluji, chini ya theluji palikuwa na pango, na ndani ya pango Mama Dubu Mweupe alikuwa amejifungua mapacha.

Walikuwa wadogo kama panya buku, macho yamefumba, kazi yao kunyonya tu, mnyu mnyu. Mama hakuwa ametia kitu mdomoni tangu alipojichimbia humo, miezi mitatu nyuma. Aliishi kwa mafuta ya mwilini, na mafuta yalikuwa yanakwisha. Yakiisha mafuta, maziwa yanakatika. Yakikatika maziwa, mapacha wanakufa.

Mlangoni pake aliishi Mbweha Mweupe, mdogo kama paka, anayengojea makombo ya wakubwa. Siku ile ile waliyozaliwa mapacha akasikia krak, krak, krak. Alikuwa Dubu Dume, mkubwa kama lori la mchanga. Hakuwa baba wa mapacha, na hata angekuwa, hao madume hawaulizi.

"Hodi," akasema.

"Nani?"

"Mgeni. Nimekuja kuwala watoto."

Mbweha mkia ulimtetemeka, ila mdomo haukutetemeka. Akajitia mkunga.

"Leo, mzee wangu? Hata jino halitajua limekula. Ngoja arobaini yao itimie, watakuwa wamenona. Lakini mzazi akilala njaa, watoto hawanoni. Na kwa mzazi haendwi mikono mitupu."

Dubu Dume akawaza kwa tumbo, akaona ni kweli. Akaenda kukaa kwenye tundu la barafu, sili, yule mnyama mnene wa baharini, akachomoza kuvuta pumzi, papu, akamleta. Mbweha akamburuta sili hadi ndani kwa mzazi, akabakiza kipande. Mkunga naye anakula.

Kesho yake, krak, krak, krak.

"Hodi."

"Nani?"

"Mgeni."

"Umekuja na nini?"

"Sili."

"Lete. Bado."

Keshokutwa hivyo hivyo. Hodi, nani, mgeni, sili, lete, bado. Sili akiingia, maziwa yanatoka. Mapacha wakafumbua macho, wakaota manyoya. Mbweha akaota kitambi.

Siku ya arobaini Dubu Dume akaja bila sili. Mle ndani Mama Dubu akawakumbatia wanawe, kwa maana lile dume lilikuwa mara mbili yake.

"Leo umekuja na nini?"

"Na tumbo."

"Karibu sana. Lakini arobaini ndiyo siku ya kunyoa watoto. Au utawala na manyoya yao, yakukwame kooni?"

Dubu Dume akasema hataki manyoya, wanyolewe upesi. Mbweha akamwambia watoto wanaogopa wembe, hawatatulia mpaka wamwone mtu mzima amenyolewa na hakulia. Wahenga walisema mwenzako akinyolewa, zako tia maji. Huyu alitia zake maji kabla hajamwona mwenzake. Akakaa kitako. Mbweha akavunja kipande cha barafu chenye makali, kwaru, kwaru, kwaru, toka kichwani hadi mkiani.

Sasa, dubu mweupe weupe wake ni manyoya tu. Ngozi yake ni nyeusi kama makaa, na hilo sikulitunga mimi.

Upepo ukaja, vuuu. Meno yakamgongana, ka ka ka ka, akasahau watoto, akakimbia kutafuta pa kujificha. Kesho yake njaa ikamrudisha kwenye tundu. Sili akachungulia, akaona jambo jeusi juu ya barafu nyeupe. Chubwi. Wa pili, chubwi. Wa tatu hata hakuchungulia.

Mama Dubu akatoka na mapacha nyuma yake, akawafundisha kuvizia sili miaka miwili na zaidi. Kila alipoona kidoa cheusi kule mbali, aliwageuza wanawe upande mwingine, wakaenda zao bila haraka.

Funzo ni nini? Njia ya mwongo ni fupi, watoto wangu, kwa hiyo msidanganye. Ya Mbweha ilikuwa fupi mno, siku arobaini tu, akala vipande thelathini na tisa vya sili, na mpaka leo hajakonda.

Hadithi yangu imekomea hapo. Mkiiona tamu, kaeni nayo. Mkiiona chungu, mpelekeeni Dubu Dume. Anangoja manyoya yaote, na siku hizi hachagui.