Gari la Maziwa Lililoinuliwa

Wapendwa, leo nataka niwape mtu mmoja muondoke naye. Nimemtunga mwenyewe, kwa hiyo msije mkaanza kuulizana ni wa ukoo gani. Ila ninavyowajua, wengine mtamtambua kabla sijafika katikati.

Tumwite Ambakisye. Alikaa juu milimani, huko ambako mvua hunyesha mpaka watu wakasahau udongo mkavu una rangi gani, na kazi yake ilikuwa kukusanya maziwa. Kila asubuhi wafugaji walimsubiri kando ya barabara na ndoo zao. Yeye alipima, akamimina kwenye madumu, akateremka nayo hadi kituo cha kupozea maziwa kule bondeni. Alikuwa na pikapu yake, ile inayovuta kwa magurudumu yote manne, na aliipenda. Mkewe, Atuganile, alikuwa akimtania kwamba akiwekewa chai atauliza kwanza kama gari nalo limekunywa.

Sasa, masika moja barabara ilichimbika vibaya. Tumbo la gari likawa linakaa juu ya tuta la katikati, magurudumu yanazunguka bure, maziwa yanaganda kwenye madumu. Mara tatu ndani ya wiki moja Ambakisye alimwaga maziwa ya watu kwenye mfereji. Akasema basi, imetosha. Akalipeleka gari mjini, akaliwekea springi ndefu na matairi makubwa, likarudi limesimama juu kama ng'ombe aliyeona nyoka. Watoto walikimbia nyuma yake wakishangilia. Likawa refu kiasi kwamba Atuganile hakuweza kupanda, na mumewe akakaa jioni nzima akimchongea kigoda cha kukanyagia. Alikuwa mume wa namna hiyo. Msimchukie.

Tope halikumsumbua tena. Lakini wiki ile ile ya kwanza akaona jambo. Anakata usukani kulia, gari linafikiria kwanza, ndipo linakwenda. Akinyoosha, linateleza polepole kuelekea mfereji. Akilivuta, linavuka hadi upande wa pili. Hata pale penye lami, ambapo angeweza kuendesha huku anapiga mluzi, ilimbidi ashike usukani kwa mikono miwili na kuusahihisha kila mara, kidogo huku, kidogo huku.

Akaenda kwa mafundi. Mmoja akamwambia ni upepo wa matairi. Akapunguza upepo. Mwingine akamwambia ni tairodi, zile fimbo zinazosukuma magurudumu yakate kona. Akaweka mpya. Mwingine akasema bushi, zile raba za kwenye maungio, mwingine akasema gari likapimwe alaimenti, yaani unyoofu wa magurudumu, na yote akafanya. Kila alipotoka gereji aliona limepona, mpaka avuke kona mbili.

Mnajua mwishowe alifanya nini? Alizoea.

Ndiyo. Mikono yake ilijifunza kuyumba pamoja na gari, mpaka yeye mwenyewe akawa haoni tena. Ungemuuliza, angekwambia gari lake halina shida, tena kwa kiapo.

Siku za gulio Atuganile alipanda naye kupeleka ndizi. Alikuwa na mahali pake pa kushika, pale juu ya mlango. Siku moja akamtazama mumewe muda mrefu, kisha akasema, "Baba Tusajigwe, mikono yako haitulii."

"Ni barabara hii, mama."

"Hata kwenye lami?"

Ambakisye akacheka. "Umezoea kuogopa wewe." Mwanamke naye akatabasamu, akageukia dirishani.

Miezi ikapita. Tusajigwe, binti yao, akajifungua mtoto wa kiume katika hospitali kule bondeni, mjukuu wao wa kwanza. Ambakisye alipopata habari hakukaa chini tena. Aliosha gari mpaka uvunguni, nyuma ya matairi, akatandika blanketi kwenye kiti, akafunga kipande cha kitenge dirishani ili jua lisimpige mtoto. Akamwita mkewe. "Mama Tusajigwe, twende tukawachukue watu wetu."

Atuganile alikuwa amesimama mlangoni, kanga mpya mabegani, lakini hakusogea.

"Tutakwenda na basi," akasema. "Na tutarudi nao kwa basi."

"Basi? Na gari hili hapa?"

"Mjukuu wangu hapandi humo."

Jamani, mmewahi kuambiwa neno na mtu anayekupenda, likakuingia kuliko tusi la adui? Ambakisye alisimama na kitambaa mkononi. Aliona uso unawaka moto. "Mama, miaka ishirini na nane nakubeba. Nimewahi kukuangusha wapi?"

"Hujawahi," mkewe akajibu. Ila hakusogea.

Walikwenda na basi. Mtoto alifika nyumbani salama, akapewa jina la babu yake, na babu akamshika kwa furaha, lakini ndani ya furaha hiyo mlikuwa na mwiba. Siku ya tatu, bila kusema anakwenda wapi, akawasha gari. Atuganile alipoona anageuza gari kuelekea njia ya gereji, akachukua kigoda chake akapanda. Hakuna aliyemwalika.

Safari hii walikwenda kwa fundi mmoja aliyeitwa Anyosisye, mtu wa maneno machache. Ambakisye akaanza kumhesabia vyuma vyote vipya alivyoweka. Fundi akasikiliza, akaleta mawe akayazuia matairi, akasema, "Vuta handbreki, mzee. Injini iache inawaka."

"Hulipigi jeki?"

"Jeki hapana. Ukilining'iniza, linaficha. Nalitaka lisimame kwa uzito wake." Akaingia chini ya gari. "Sasa nichezeshee usukani. Kidogo kulia, kidogo kushoto, usikate mpaka mwisho."

Ambakisye akachezesha. Fundi akachungulia, akagusa hapa, akagusa pale. Halafu sauti yake ikatoka chini: "Mzee, unasikia kitu mikononi?"

"Sisikii kitu. Uko sawa."

Fundi akatoka, akajipangusa. "Basi shuka, uje ulale hapa. Mama, samahani, panda wewe kwenye usukani."

Atuganile hakuwahi kuendesha gari maisha yake yote. Alipanda kwenye kiti cha mumewe, akashika ule usukani kama mtu anayeshika sahani ya wageni. Na Ambakisye, mwenye gari, anayeheshimika vijiji vinane, akalala chali kwenye tope na mafuta machafu.

"Zungusha, mama," fundi akaita.

Akauchukua mkono wa Ambakisye, akauweka kwenye tairodi. Imekaza. Akauweka kwenye bushi. Imekaza. Kila chuma kipya alichokinunua kilikuwa kizima kabisa. Kisha fundi akausogeza mkono ule mbele zaidi, mahali ambapo boksi la stelingi, lile linalopokea mzunguko wa usukani, limefungwa kwenye chesisi, ile fremu ya chuma inayobeba gari zima. Akapakwangua tope kwa bisibisi. "Weka kiganja hapa. Mama, tena."

Atuganile akazungusha, kwa woga, kidogo tu. Na chini ya kiganja chake Ambakisye akasikia chesisi inapumua. Ulikuwa ufa, mrefu kama kidole. Mkewe akikata kulia, unafunguka. Akikata kushoto, unajifunga. Boksi zima lilikuwa linajongea kwanza, ndipo magurudumu yanafuata.

"Ulibadilisha vyote ambavyo kazi yake ni kucheza," fundi akasema taratibu. "Hiki hapa hakitakiwi kucheza kabisa. Uliliinua gari, ukalipa matairi mazito, lakini mahali hapa paliachwa na nguvu yake ile ile ya zamani. Pangebanduka siku yoyote, ukabaki umeshika usukani ambao haujui magurudumu yako wapi."

Ambakisye hakutoka pale chini. Alikuwa anautazama ule ufa, na akilini anaona zile kona, moja baada ya nyingine, na madumu, na kiti cha kushoto anapokaa mkewe. Akaita kutoka chini ya gari, "Mama Tusajigwe."

"Naam."

"Ulijua tangu lini?"

"Sikujua ni nini. Ila kwamba kuna kitu, tangu wiki ya kwanza."

"Na kila gulio ukapanda?"

"Nilipanda."

"Kwa nini, mama? Kwa nini?"

Akajibu akiwa bado ameshika usukani kwa mikono miwili, kana kwamba akiuachia gari litaondoka. "Nilikwambia hukusikia. Sasa nikuache uende peke yako? Nikasema, likitokea la kutokea, na litukute wote. Lakini yule mtoto, baba, yeye hakuchagua."

Wapendwa, fundi Anyosisye aliondoka pale akaenda kutafuta spana ambayo hakuwa anaihitaji. Na mtu mzima alilala kwenye tope akalia, na mkewe akamsikia, na hakuna aliyeona haya.

Gari lile lilichomelewa, likawekewa bamba la chuma pale penye ufa, na boksi likafungwa upya. Lilikaa gereji siku tisa. Maziwa yalibebwa na mtu mwingine, na Ambakisye alikwenda mwenyewe nyumba kwa nyumba kuwaeleza wafugaji sababu, bila kuficha.

Haya, sasa tuzungumze sisi. Tumeinuliwa, au siyo? Mungu ametuinua. Huyu amepewa uongozi, yule amepandishwa kazini, yule jina lake linatajwa mbele za watu. Nani kati yetu, siku aliyoinuliwa, alikwenda kukagua mahali alipofungwa? Maombi yako, ukweli wako, ahadi uliyompa mwenzako, vile vitu visivyotakiwa kucheza hata kidogo, vinaweza kubeba urefu ulio nao leo? Tukiyumba tunabadilisha maneno, tunabadilisha marafiki, tunahama hata kanisa. Vyuma vipya kabisa. Na ufa uko palepale, chini ya tope.

Tena hatuwezi kuuona tukiwa tumekaa kwenye kiti. Kiti kile kinatudanganya, kwa sababu mikono yetu imeshazoea. Anayeona ni yule aliyekaa pembeni. Mume wako anaona. Mke wako anaona. Mama yako mzee anaona, na mtoto wako aliyeacha kukuomba umsindikize anaona. Wamekwambia mara moja, ukawacheka. Unadhani wamenyamaza kwa sababu mambo yako yamenyooka? Wengine wamenyamaza kwa sababu wameamua kufa na wewe.

Usimlaze mtu anayekupenda kwenye hofu ya namna hiyo hata siku moja zaidi. Ukifika nyumbani leo, kabla hujanawa mikono ule, kaa karibu naye umuulize: "Ni jambo gani umeliona kwangu, ukachoka kuniambia?" Halafu usijitetee. Usicheke. Nyamaza, mpaka amalize yote.