Nyumba Ilihama, Sabasi Akabaki

Paukwa!
Pakawa!
Niwape kisa?
Tupe, tukae nacho.

Zamani sana, katika mji mdogo wa watu waitwao Wailokano, bara, mbali na bahari, aliishi bibi mmoja aliyeitwa Apo Kulasa. Apo ndivyo walivyomwita mzee kwa heshima. Mji ule ulikuwa kimya, hata ungesikia wali ukiiva kwa jirani.

Basi mto uliopita kando ya mji ukaanza kula ukingo. Kwap, kwap. Ukaikaribia nyumba ya mtu mmoja aliyeitwa Sabasi, nyumba ya mianzi na nyasi. Majirani wakafanya kama desturi yao: wakapitisha mianzi mirefu chini ya nyumba, wakaiweka mabegani, hee-hu, hee-hu, wakaipandisha mlimani nzima nzima. Sabasi akafuata nyuma.

Asubuhi Sabasi akaamka si yeye. Akamwamkia jogoo, "Shikamoo, Apo." Akalilisha sikio lake wali. Akamwita mkewe, Ramona, "mlango", akajaribu kumfungua.

Ramona akaenda kwa Apo Kulasa, aliyejua mambo ya roho, akilia.

"Mlipohama, nani aliiita roho yake?" bibi akauliza.

"Hakuna," Ramona akasema. Huko kwao, mtu akiondoka mahali huita roho yake, isije ikasahaulika. Siku ile kila mtu alikuwa chini ya nyumba, akihema.

Wakashuka ukingoni pamoja na majirani. Apo Kulasa akaita, "Sabasi, njoo. Usibaki nyuma."

"Sijabaki nyuma," roho ikajibu kutoka hewani. "Nipo nyumbani. Nimejilaza."

"Nyumba imehamia mlimani."

"Basi irudisheni. Mimi siendi kwa miguu."

Kwap. Ukingo ukamegeka. Wanaume wakasema, "Apo, tukiirudisha nyumba, mto utaichukua pamoja nasi."

"Shikeni mianzi mitupu," akasema bibi. "Inueni."

Wakainua. Juu hapakuwa na kitu. Lakini mianzi ikapinda kwa uzito. Hee-hu, hee-hu. Njiani roho ikalalamika, "Polepole, mtamwaga mchuzi." Wakaenda polepole. Walipofika, wakaitua ile hewa taratibu ndani ya nyumba.

Sabasi akapiga chafya.

"Ramona," akasema, "mbona unalia? Chakula kiko wapi?"

Ramona akampiga kofi begani, kisha akampakulia.

Jioni mto ukauchukua ukingo wote.

Apo Kulasa alikufa zamani, lakini watu wa mji ule bado humkumbuka kila wanapohama. Nanyi mkimhamisha mtu, msibebe paa lake tu. Mwiteni na yeye.

Hapo ndipo hadithi yangu inapokomea.