Mnandi na Mafuta Yake

Paukwa!

Pakawa!

Pakawa ziwa, na katikati ya ziwa mti mkavu. Sogeeni, nimelima tangu alfajiri na sauti yangu leo haifiki mbali.

Basi, juu ya mti ule aliishi Mnandi, ndege mweusi mwenye shingo ndefu na mdomo uliopinda kama ndoana. Alikuwa mjane, ana makinda watatu. Zamani hizo manyoya yake yalijaa mafuta kama ya bata. Alizama kuvua, akaibuka mkavu.

Chini ya mti, ndani ya maji, alikaa Zimwi. Siku moja akatoa kichwa.

"Mnandi, leta samaki. Usipoleta, nitakula wanao."

Mnandi akazama, akaleta kambare. Zimwi akameza.

"Mnandi, leta samaki. Usipoleta, nitakula wanao."

Akazama, akaleta perege. Zimwi akameza.

"Mnandi, leta samaki. Usipoleta, nitakula wanao."

Ikawa hivyo kila siku. Makinda walilala njaa, na mama yao alichoka hata kukunja mabawa.

Siku moja Zimwi akasema, "Kesho nakwenda nchi kavu kuposa, na ngozi yangu imeparara. Nipe mafuta yako nijipake."

"Nikikupa, utawaacha wanangu?"

"Nitawaacha."

Msiniambie alikuwa na hila. Hakuwa nayo. Alikuwa amechoka tu, masikini. Akakamua mafuta yote, akampa.

Zimwi akajipaka utosini hadi nyayoni, akang'aa kweli. Basi akataka kurudi kwake chini. Akazama, akaelea. Akazama, akaelea. Akazama, mafuta yakamwinua, akaelea kama kibuyu kitupu. Upepo ukamsukuma hadi mwambani, jua likamkausha, akafa.

"Mama, amekwenda," wakasema makinda. "Tuna njaa."

Mnandi akazama. Safari hii maji yalimwingia hadi kwenye ngozi. Akapanda na samaki wake, akawalisha, akatandaza mabawa juani huku akitetemeka.

"Mama, mbona husogei?"

"Nakauka, wanangu. Nikikauka nitarudi tena majini."

Mpaka leo hukaa hivyo, na wapitao ziwani humwita mvivu.

Hadithi yangu imeishia hapo, nami nguvu zimeniishia hapo hapo. Ukimwona mzazi wako ameketi kimya baada ya kazi, usimwite mvivu. Mwache akauke.